Bondwa kwa siku moja: njia ni ya nani, na nani ailipie?

Treni ya kisasa imeisogeza milima ya Uluguru karibu na Dar es Salaam. Anayetaka kupanda na kushuka ndani ya siku moja anakutana na makorongo, utelezi na swali ambalo wenyeji wameliuliza tangu enzi za mkoloni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, njia ya kwenda Morningside juu ya mji wa Morogoro ina watu wa aina mbili. Wanaoshuka ni akina mama na vijana wa vijiji vya mlimani, kichwani matenga ya karoti na kabichi yanayowahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wanaopanda ni wageni wa mwisho wa wiki, mabegi mgongoni, simu mkononi.

Njia yenyewe ni nyembamba. Upande mmoja ni ukingo wa udongo mwekundu, upande wa pili ni korongo. Wakikutana, lazima mmoja ajibanze ukingoni. Mara nyingi anayejibanza ni mwenye mzigo.

Katika kupishana huko ndimo ulimo mgogoro mzima wa utalii wa miguu Uluguru. Mgeni anaiona njia kama mahali pa mazoezi na picha. Mkulima anaijua kuwa barabara yake ya kwenda sokoni. Serikali inaihesabu kuwa lango la hifadhi. Na mkazi wa Dar es Salaam aliyelala bado, ambaye pengine hatakanyaga Morogoro maisha yake yote, anaoga maji yaliyoanzia kwenye mabonde ya milima hiyo.

Hesabu ya siku moja

Kwenye ramani safari inaonekana fupi. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano inayoonekana kutoka mjini siku isiyo na mawingu, kinapita mita 2,100. Kwa hiyo mpandaji anapandisha mwili wake, maji yake na chakula chake mita 1,600 kwenda juu, halafu anavishusha vyote siku hiyohiyo.

Mskoti William Naismith aliwaachia wapanda milima kanuni mwaka 1892, na mpaka leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo mwinuko wa Bondwa peke yake unadai saa 2 na dakika 40, kabla ya kuhesabu umbali, mapumziko, matope na hizo picha. Wengi huchukua saa nane hadi kumi kwenda na kurudi.

Hapo ndipo treni hiyo ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, ilipozua tamaa mpya. Safari iliyokuwa ikila nusu siku kwa basi sasa haimalizi saa mbili. Makundi ya wapandaji yakaona kwamba mtu anaweza kutoka Dar, akagusa kilele na kulala kwake.

Hesabu hiyo ina tundu. Anayepanda treni ya alfajiri anafika Morogoro jua limeshachomoza, anatafuta bodaboda au gari, anapitia kibali, na mpaka anaanza kupanda ni saa tatu au zaidi. Ongeza saa kumi. Morogoro jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni, mwaka mzima. Ndani ya msitu giza linatangulia. Siku moja ya Bondwa ni ya mtu aliyelala Morogoro.

> Siku moja ya Bondwa ni ya mtu aliyelala Morogoro.

Migongo na makorongo

Kinachochosha Uluguru ni mikunjo yake. Mlima haupandwi moja kwa moja kama ngazi ya ghorofa. Kutoka kwenye vilele inashuka migongo mirefu, na kati ya mgongo na mgongo kuna kijito. Unapanda mgongo mmoja mpaka pumzi inakatika, njia inakutupa bondeni, unavuka kwa kuruka mawe, kisha unaanza mgongo wa pili kutoka chini. Lile jasho la kwanza limekwenda bure.

Ukanda wa chini ni vichaka. Ni nyasi ndefu, miti michache iliyosalia baada ya mioto ya kiangazi, na upupu unaomsubiri aliyevaa kaptura. Hapa jua ndilo adui. Hakuna kivuli, na mtu aliyezoea viyoyozi vya Dar anamaliza maji yake kabla hajafika Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na ambayo wengi huishia hapo, wakapiga picha wakarudi. Kwa wasiofanya mazoezi, hiyo ni safari inayotosha kabisa, na hakuna aibu.

Kupita hapo mashamba yanabana njia. Migomba, maharage, njegere, karoti, kabichi, magimbi kando ya maji, na stroberi, vyote vikiwa kwenye miteremko ambayo mgeni anashindwa kusimama wima. Mkulima anapiga jembe juu ya kichwa chako. Ukiuliza wanawezaje, watakuonyesha watoto wakikimbia kushuka njia hiyohiyo kwenda shule.

Kisha unafika mpaka wa msitu, na ghafla hewa inabadilika. Kwa kawaida joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kileleni kuna baridi ya karibu nyuzi 10 zaidi ya mjini. Ukungu unaingia bila kubisha hodi. Miti imevaa kuvu na kigoga, mizizi imetanda njiani na kila mzizi una utelezi. Kima wanakupigia kelele, siafu wanakata njia. Uluguru kuna ndege wasiopatikana popote pengine duniani, akiwemo chozi aliyepewa jina la mtafiti Arthur Loveridge, lakini mpandaji anayehema kwa nguvu hamwoni ndege. Anaangalia mguu wake unatua wapi.

Jirani wa Bondwa, Lupanga, nayo inapita mita 2,100 na ni kali zaidi. Msitu unafunga karibu mpaka juu, na sehemu nyingine unapanda kwa kushika mizizi. Anayekwenda Lupanga kwa ajili ya kuona mandhari atarudi amenuna.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Mapaja yanayotetemeka, magoti yanayolia, vidole vinavyogonga ncha ya kiatu. Ajali nyingi za milimani hutokea kwenye mteremko, mtu akiwa amechoka na anawahi. Anayerudi kupitia upande wa Choma, kwenye maporomoko ya maji, anaongeza mabonde mengine huku miguu imeshakataa.

Kijito hakina urafiki

Kuhusu maji, wapandaji wa mjini ni wepesi mno wa kuzoea. Asubuhi kijito kimewafika kwenye vifundo vya miguu. Mchana mvua imenyesha kileleni, wao wako bondeni juani. Kijito kilekile kinaweza kugeuka kahawia na kupanda kwa muda mfupi.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu mbaya ya jambo hili. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu 7 waliokuwa kwenye matembezi ya kawaida ya mwisho wa wiki. Aprili 2012, korongo hilohilo lilikuwa limewachukua vijana wa kundi la kanisa. Korongo la Naivasha na mabonde ya Uluguru si kitu kimoja, lakini maji yanayoshuka kutoka mahali usipopaona yana tabia ileile.

Kanuni ya wenyeji ni rahisi: maji yakibadilika rangi, usivuke. Kaa upande ulioko, panda juu, subiri. Mwongozaji wa kijijini anaijua. Mgeni anayefuata ramani ya simu haijui, na simu haimwambii kwamba mvua imeanza Lupanga.

Bomba linaanzia hapa

Sasa tuache miguu, tuzungumzie kile ambacho miguu inakikanyaga.

Uluguru ni mojawapo ya safu 13 za Tao la Mashariki, zinazoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Miteremko yake ya mashariki inapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua huko hupita milimita 2,500 kwa mwaka katika sehemu za juu. Msitu na ukungu vinayashika maji hayo na kuyaachia pole pole, ndiyo maana vijito vinatiririka hata Septemba nyasi zikiwa zimekauka mjini.

Vijito vya upande wa mashariki na kusini vinaunda mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya upanuzi, ule wa Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na wa Juu lita milioni 196. Vijito vya upande wa mjini na magharibi huishia mto Ngerengere na vingine bwawa la Mindu, linaloinywesha Morogoro yenyewe na ambalo mchanga na tope vimekuwa vikilipunguzia kina.

Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji. Matajiri walinunua maji ya maboza, maskini walinunua ya ndoo. Mkataba wa ujenzi wa bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miaka mingi, ukasainiwa mwishoni mwa mwaka huo. Bwawa ni jambo jema. Ila bwawa ni chombo cha kuhifadhia. Linachohifadhi kinatoka mlimani, na mlima ukimomonyoka linahifadhi tope.

> Bwawa ni chombo cha kuhifadhia. Linachohifadhi kinatoka mlimani.

Matuta ya mwaka 1955

Wanaodhani kwamba mkulima wa Uluguru ni mkaidi tu wa kupokea ushauri wanapaswa kuanza na historia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Kila mwenye shamba alilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kwenye karatasi hoja ilikuwa sahihi: udongo unaondoka, uzuiwe. Shambani kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na kuchimba huko kulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiootesha kitu. Watu walilima ngazi, wakavuna njaa.

Mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo waligoma na kuandamana. Polisi waliua mtu. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na hasira ya matuta ikawa mbolea yake katika milima hii. Mpango ukafa.

Nusu karne baadaye, mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalirudi na matuta, safari hii kwa mlango mwingine. Katika eneo la Kibungo, wakulima walilipwa ili wachimbe matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, wapande miti na waache kuchoma mashamba. Sehemu ya fedha ilitoka kwa watumiaji wa maji walioko chini: DAWASCO, shirika lililosambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola. Wajukuu wa wale waliogoma walichimba.

Mlima ulikuwa uleule na jembe lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa malipo na ridhaa. Mradi ulifika mwisho wake bila kugeuzwa utaratibu wa kudumu kwa bonde zima la Ruvu, na hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kosa kubwa la sera ya maji ya nchi hii.

Kila upande na hoja yake

Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya hifadhi ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki. Ina ukubwa wa takriban hekta 24,000 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuingia kunahitaji kibali na ada, na raia hulipa kiwango tofauti na wageni wa nje.

TFS ina hoja. Bila kibali hakuna anayejua nani yuko mlimani, na bila ada hakuna doria. Shamba likivuka alama ya mpaka leo kwa hatua kumi, mwakani litavuka kwa hamsini. Kauli za kutaka wakulima wa miteremkoni wahamishwe zimesikika zaidi ya mara moja kutoka kwa viongozi, na wanaozitoa huunyooshea kidole mto uliokauka.

Wanakijiji nao wana hoja. Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama, vipande vimegawanywa kizazi hadi kizazi, na juu yao kuna mpaka wa msitu, chini yao kuna mji unaopanda. Hawana pa kusogea. Wanaona wageni wakipita nyuma ya nyumba zao na kulipia kibali ofisini mjini, halafu wanaulizana: kijiji kinabaki na nini? Kinachobaki kwa uhakika ni chupa za plastiki kando ya njia.

Kuna waongozaji wa kienyeji, na kwa miaka mingi mpango wa utalii wa kitamaduni wa Chilunga umewapeleka wageni vijijini kwa utaratibu unaoeleweka. Lakini makundi makubwa yanayojiandikisha mitandaoni mara nyingi huja na kiongozi wao kutoka Dar, basi lao, chakula chao na fulana zao. Wanapita kijijini bila kununua hata ndizi.

Viongozi wa makundi hayo hujitetea kwamba gharama zikipanda, vijana wa kipato cha kawaida watashindwa, na mlima utabaki wa Wazungu na wenye nazo. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Nchi yenye Kilimanjaro, ambako Watanzania wengi hawajawahi kukanyaga kwa sababu ya bei, haihitaji mlima wa pili wa kutazamwa kwa mbali.

Hata hivyo, mwongozaji wa kijijini akigawanywa kwa watu kumi ni bei ya soda chache kwa kila mmoja. Anayeona hiyo ni ghali huku amevaa viatu vya laki kadhaa anajidanganya.

> Mwongozaji mmoja akigawanywa kwa watu kumi ni bei ya soda chache.

Kinachotakiwa

Mpandaji anayetaka kwenda Bondwa alale Morogoro, aanze saa kumi na mbili asubuhi, abebe lita tatu za maji na koti la mvua hata kama mji una jua. Aepuke Machi hadi Mei wakati wa masika. Saa saba mchana ikimkuta hajafika kileleni, ageuke. Takataka zake zishuke naye.

Waandaaji wa makundi waache kupeleka watu hamsini kwenye njia ya mguu mmoja, na kila watu kumi wawe na mwongozaji wa kijiji wanachopita, anayelipwa kijijini.

TFS ibandike kila robo mwaka kwenye mbao za matangazo za vijiji vinavyopakana na hifadhi kiasi cha ada kilichokusanywa kwenye njia za Bondwa na Lupanga, na sehemu iliyorudi kwa kila kijiji. Kama hakuna iliyorudi, iandikwe sifuri, watu wajue.

Na Wizara ya Maji, pamoja na mamlaka za maji za Dar es Salaam na Morogoro, zifufue malipo kwa wakulima wanaotunza miteremko, safari hii yakiwa sehemu ya bili na si mradi wa wafadhili wenye tarehe ya kufa. Utaratibu ulishajaribiwa Kibungo na wakulima walichimba. Aliyebaki kutoa mkono ni anayefungua bomba.